Sahani ya Msafiri wa Ndege

Rubani alitutangazia kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita mia saba na kitu, na kwamba tungekuwa angani kwa saa moja na nusu hivi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema. Kijana wa suti aliyekaa pembeni yangu aliridhika, akafumba macho, akalala kabla hata magurudumu hayajaacha ardhi. Mimi nilishika mkoba wangu mapajani nikajisemea kwamba huo ni muda wa kuivisha maharage tu, basi. Kipimo hicho nilifundishwa na Bi Tausi, na Bi Tausi ndiye niliyekuwa namwahi. Alikuwa amefariki alfajiri ya siku ile nyumbani kwake Isevya, na Waislamu wa Tabora hawamweki maiti angoje watu walio mbali. Zena, binti yake, alinipigia simu huku analia: "Vero, mama ametutoka. Tunazika baada ya alasiri. Ukiweza njoo, dada yangu. Usipoweza, usijiumize." Nikaenda uwanja wa ndege na nguo nilizokuwa nimevaa, na kanga mbili ndani ya mkoba. Mvua ikatuchelewesha, tukakaa ndani ya ndege tukitazama maji yakitiririka kwenye vioo. Nilitaka nimwone uso kwa mara ya mwisho. Lakini kulikuwa na jambo jingine pia, swali moja nililokuwa nalo tangu nina miaka ishirini, na aliyeweza kulijibu alikuwa anaoshwa na kuvikwa sanda wakati mimi nafunga mkanda.

Nilifika Tabora nikiwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni moja kwa moja, nimepangiwa shule ya msingi upande wa Itetemia, na katika mji mzima sijui mtu hata mmoja. Mwalimu mkuu alinipeleka kwa Bi Tausi kwa sababu alikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Chumba chenyewe nakiona hadi leo: kuta za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa, dirisha dogo la nondo za mti, kitanda cha kamba, na kwenye kona madebe mawili ya asali ambayo yaliniletea sisimizi mwaka mzima. Bi Tausi alikuwa mjane. Alishona kofia za mkono, akikaa barazani tangu jua linapochomoza hadi linapomfuata miguuni, na kila aliyepita njia ile ilibidi asimame, atoe shikamoo, na aeleze anakotoka na anakokwenda. Alikuwa na watoto wawili waliobaki nyumbani. Zena alikuwa rika langu, mcheshi, anayecheka kabla hajamaliza kusema la kuchekesha. Abdu, kaka yake, alifanya kazi kwa wanunuzi wa tumbaku, na kazi yake ilimpeleka Dar es Salaam mara kwa mara kwa treni, usiku na mchana, na pengine zaidi kama treni imeamua kupumzika Dodoma.

Jioni yangu ya kwanza Abdu alikuwa safarini. Tuliketi mkekani wanawake watatu, mbele yetu wali na uyoga wa porini, na mahali pa nne pametengwa sahani iliyofunikwa kwa kawa la ukindu. Nilidhani kuna mtu anakuja. Tulikula tukamaliza, hakuja mtu. Bi Tausi akalisogeza kawa lile hadi magotini kwangu, akalifunua.

"Hii ni ya Abdu," alisema. "Kula."

"Mama, nimeshiba."

"Sikukuuliza kama umeshiba. Mgeni wa nyumba hii ni nani?"

"Mimi, Mama."

"Haya. Abdu sasa hivi yuko Manyoni huko, naye ni mgeni wa watu. Wewe ukikataa chakula chake hapa, yeye huko atapewa na nani?"

Zena alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika. Nikala. Ndivyo nilivyoijua desturi ya nyumba ile, ambayo Bi Tausi aliirithi kwa bibi yake, na bibi yake kwa watu wa enzi za misafara. Mtu wa nyumbani akiwa njiani, kila mlo anawekewa sahani mahali pake, na sahani hiyo hailiwi na mwenye nyumba, inaliwa na mgeni, na kama hakuna mgeni anatafutwa. Akishafika aendako, sahani inakoma. Bi Tausi hakuwa na habari na kilomita. Alihesabu safari kwa milo. Bukene haikufika hata mlo mmoja, Dodoma ilikuwa miwili, Dar es Salaam minne treni ikiwa na adabu. "Babu yangu alikwenda Bagamoyo kwa miguu na mzigo wa pembe begani," alikuwa akisimulia, sindano haisimami. "Miezi mitatu kwenda, mitatu kurudi. Bibi aliweka sahani siku zote hizo. Wageni wa mji huu walinenepa wakatafuta nguo nyingine." Abdu aliporudi safari, hakuna aliyemwambia habari za sahani yake, wala yeye hakuulizia. Alivua viatu, akanawa, akakaa mahali pale pale, na maisha yakaendelea. Nilinenepa mimi pia. Kufikia katikati ya mwaka sketi zangu za chuoni zilikuwa zimemwendea Zena.

Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nashangaa jinsi nilivyoipenda nyumba ile kwa haraka. Asubuhi nilikwenda shule nimebeba matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga ndani ya leso, mchana nikirudi nasikia sauti ya Bi Tausi kutoka mbali akibishana na muuza kuni. Ramadhani ilipofika nilifunga nao, mimi binti wa Kikristo kutoka Songea, bila kuambiwa na mtu. Bi Tausi hakunisifu wala hakunizuia, ila daku alinigongea dirisha kama alivyomgongea Zena. Krismasi ilipofika alichinja jogoo, akamtuma Abdu anisindikize kanisani, akakaa barazani kutungoja. Nilichota maji, nilipembua mchele, nilijifunza kushona kofia, nikaharibu nyingi. Nilimwita Mama na hakuna aliyeshangaa. Lakini kila Abdu aliposafiri, kawa lilisogezwa magotini kwangu. Zena hakupewa hata siku moja, maana Zena ni mtoto wa nyumba. Chakula kilikuwa kitamu, ila kilikuwa cha mgeni. Nilitamani siku moja niwe mimi niliye mbali, na mahali pangu mkekani pametengwa sahani, na mtu mwingine ndiye anayebembelezwa aile. Kutamani kuondoka mahali unapopapenda, ili tu ujue kama utawekewa sahani, ni wazimu wa ujana. Nilikuwa nao, na sikumwambia mtu.

Kisha Abdu akapandishwa ndege. Mabosi wake walitaka sampuli za tumbaku zifike Dar es Salaam siku ile ile, na asubuhi mtaa mzima ulitoka kumwaga kana kwamba anakwenda Makka. Bi Tausi alirudi jikoni moja kwa moja. Hakuwahi kumwekea sahani msafiri wa ndege, lakini mwana ni mwana na safari ni safari. Akapika wali kwa nazi aliyoagiza toka sokoni, akatandika mkeka, akapakua sahani ya Abdu kwanza na kuifunika, na alipokuwa anaanza kupakua za kwetu tukasikia hodi. Alikuwa Bwana Seif, jirani mwenye duka, ambaye peke yake mtaani alikuwa na simu.

"Bi Tausi, Abdu kapiga. Kafika salama. Anasema huko jua kali."

"Kafika wapi?"

"Dar es Salaam."

Bi Tausi alimtazama Bwana Seif, kisha akalitazama kawa. Mkono wenye upawa ulibaki hewani. Sijapata kuona mtu mzima akikwama vile kwa sababu ya sahani ya wali. Sahani ilikuwa ya mtu aliye njiani, na mtu mwenyewe hakuwa njiani tena. Nikiila, nitakuwa namlia nani? Ikimwagwa, ni dhambi. Bwana Seif akajitolea kwa moyo safi kuila yeye, akaambiwa kwamba yeye si mgeni, kila Ijumaa anakula pale na anajijua. Zena akasema tumpe paka. Alitazamwa jicho moja tu. Mwishowe Bi Tausi akaichukua sahani, akairudisha sufuriani, akakoroga kwa nguvu, halafu akatoa hukumu akiwa bado ametupa mgongo.

"Wa ndege hawekewi tena. Safari isiyotimiza mlo siyo safari. Ni kutoka tu, kama mtu aendaye chooni."

Tulicheka hadi Bwana Seif akalazimika kuketi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na kila nikikumbuka kicheko kile natamani ningekimeza. Mwaka ulipoisha, mwezi wa mvua nyingi, nilihamishwa. Nilitakiwa nikaripoti Dar es Salaam kwa mafunzo zaidi, na wakati huo huo reli ikakatwa na mafuriko huko mbele ya Dodoma, treni zikasimama. Sijui ni nani ofisini aliyenihurumia, nikaambiwa nimepata nafasi kwenye ndege. Walimu wenzangu walinionea wivu wa wazi kabisa. Nilikwenda nyumbani polepole. Bi Tausi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

"Mama, nasafiri keshokutwa. Nimepewa ndege."

"Ndege?"

"Reli imekatika, Mama."

Alijaribu tundu la sindano, akakosa, akaulowesha uzi mdomoni. "Basi utafika upesi," alisema.

Akautunga uzi, akaendelea kushona. Siku mbili zile nilikuwa naamka nikiomba Mungu reli itengenezwe, nikiuliza kila anayepita kama amesikia habari za treni. Wenzangu walidhani naogopa kupaa. Nilichokuwa nakiogopa ni kufika upesi. Asubuhi ya kuondoka Bi Tausi alinipa chupa ya asali na kifurushi cha matobolwa, akaniwekea mkono kichwani mlangoni, akasema dua ambayo sikuielewa yote. Miguu ilikuwa inamsumbua, hakuja uwanjani. Zena alikuja, akalia kwa sauti mbele ya marubani bila aibu. Ndege ilikuwa ya pangaboi, inanguruma hadi meno yanagongana. Ilipogeuka juu ya mji niliona mabati ya Isevya, nikaona reli imenyooka kwenda mashariki, reli ambayo ingenipitisha Manyoni na Dodoma na Morogoro, mlo baada ya mlo. Nikawaza kwamba sasa wanatandika mkeka. Nikawaza kwamba njia ambayo babu yake Bi Tausi aliikata kwa miezi mitatu, mimi naimaliza kwa muda usiotosha mtu kunikumbuka. Nililia. Mhudumu alidhani masikio yananiuma, akaniletea pipi mbili na kunielekeza nitafune. Nilipotua Dar es Salaam nyumbani kwa Bi Tausi ilikuwa saa ya kunawa mikono, na nilikuwa na hakika kwamba mahali pangu hapakuwa na kitu.

Maisha yalikwenda. Niliolewa, nikazaa, nikafundisha hadi chaki ikanila vidole, nikastaafu. Tabora nilirudi mara chache, kwa basi au kwa treni, na kila mara nilipokewa kwa furaha, nikalazwa chumba kile kile, sisimizi wale wale. Bi Tausi alizeeka macho yake yakiwa makali. Mara nyingi nilikaa naye barazani na swali liko mdomoni, nikalirudisha. Jambo la namna hiyo haliulizwi. Utamwambiaje mama wa watu, je, siku ile niliyoondoka uliniwekea sahani? Ni kumwuliza kama alikupenda, na mtu akiulizwa hivyo atajibu ndiyo kwa adabu tu, nawe hutamwamini. Nyumbani kwangu nami niliweka sahani. Wanangu walipokuwa wakisoma mikoani na kusafiri kwa mabasi niliwawekea, na majirani wakala. Sasa mkubwa wangu anakwenda Mwanza kwa ndege asubuhi na jioni yuko sebuleni anatafuta rimoti. Sheria ya Bi Tausi niliishika, sikumwekea. Kawa limening'inia ukutani jikoni, na kuna siku nalitazama nikahisi upweke ambao siwezi kumweleza mtoto yeyote aliyezaliwa na simu mkononi.

Tulitua Tabora jua likiwa limeinama. Nilipanda bajaji uwanjani, nikamwambia dereva naenda msibani Isevya, ajitahidi. Akajitahidi. Tulipokaribia mtaani akapunguza mwendo, akasimama, akazima injini. Mbele yetu wanaume walikuwa wanakuja wameijaza njia, wanatembea haraka kama desturi yao ilivyo, na juu ya mabega yao jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani. Dereva aliruka, akakimbia, akaingiza bega lake chini ya jeneza la mtu asiyemjua, akaenda nalo hatua kadhaa, akampisha mwingine. Nilishuka nikasimama pembeni, kanga kichwani. Nilimwona Abdu, mvi tupu, mkono wake umeshika ubao. Hakuniona. Bi Tausi akapita mbele yangu karibu sana, hata ningenyoosha mkono ningemgusa. Sikumwona uso. Nilibaki nawaangalia hadi wakapinda kona, nikaumia kwa uchungu ambao umri haukunisaidia kuuzoea. Dereva alirudi anahema. "Pole, mama," alisema. "Alikuwa nani wako?" Nikamwambia tuendelee.

Wanawake walijaa ukumbini na uani. Zena alinikumbatia, tukalia tukiwa tumesimama, kisha akanivuta chumbani kwa mama yake, akafunga pazia. Kitanda kilikuwa kimeondolewa. Mkeka ulikuwa sakafuni, na juu ya mkeka, peke yake, kawa la ukindu.

"Kaa ule," alisema Zena. "Majirani wamepika wali na maharage. Nimekutengea ulipotuma ujumbe kwamba mnaondoka, nikaiacha juu ya majivu ya moto hadi niliposikia bajaji."

"Hii ni ya nani, Zena?"

"Yako. Si ulikuwa njiani?"

"Mimi nimekuja na ndege. Wa ndege hawekewi."

Zena alinitazama, macho mekundu. "Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe. Siku ile ya Abdu, karudisha wali sufuriani."

Akacheka. Nyumba nzima ina msiba, naye akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakatikisika kama zamani. "Hiyo ilikuwa hasira tu, alimkasirikia Abdu na simu yake. Wewe ulipoondoka, mama alikuwekea mchana ule ule. Abdu akamwambia, mama, Vero muda huu ameshatua Dar, anakunywa soda. Unajua alimjibu nini? Alimwambia, ndege ndiyo imetua, mwanangu bado yuko njiani. Akakuwekea na usiku, na kesho yake mchana, na jioni. Milo minne, ya treni. Na mgeni hatuna, aliyekuwa mgeni kaondoka! Mama katoka barazani na fimbo yake kamkamata mtu wa Nzega aliyekuja kuuza ng'ombe, hajui hili wala lile. Mchana kala, usiku kala, kesho yake kaja mwenyewe bila kuitwa."

"Miaka yote hii," nilisema. "Mbona hamkuniambia?"

"Msafiri haambiwi, Vero. Wewe uliwahi kumwambia Abdu kwamba umekula sahani yake?"

Sikuwahi. Niliketi mahali nilipoelekezwa, nikafunua. Mvuke ulinipanda usoni. Mwaka ule sahani za Abdu zilinifikia zikiwa zimepoa, maana zilingoja wenzake tumalize, na mwenyewe hakuonja hata punje ya vyote alivyowekewa. Hii ilikuwa ya moto. Chakula kilikuwa kimepakuliwa nikiwa juu ya mawingu, na nilikuwa nimekikuta. Nikanawa, nikala kwa mkono, machozi yakiingia kwenye wali, na sikujali.

Wanaume waliporudi makaburini nilikuwa namalizia. Abdu alisimama mlangoni, udongo mwekundu miguuni, akainua pazia. Nikaanza kuinuka nimpe pole, akanionyesha kwa mkono nikae, nisiache chakula. Akatazama sahani, akatazama kawa lililo pembeni.

"Vero," alisema. "Umefika lini?"

Zena akajibu kabla yangu. "Ndiyo kwanza anafika."